Jibu: Wageni wa WhatsApp kuonekana "Direct"

Habari ndugu. Kwa hiyo unaweka linki za duka lako kwenye Status na magrupu ya WhatsApp, watu wanaingia, ila Google Analytics (chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti) inawarundika wote kwenye "Direct", yaani wasiojulikana walikotokea. Kagua linki kwanza. WhatsApp mara nyingi haisemi mgeni katokea wapi, lazima uiwekee linki alama mwishoni:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=status

Linki ya grupu iishie na utm_campaign=grupu. Herufi ndogo tupu, maana WhatsApp na whatsapp huhesabiwa vyanzo viwili tofauti! Kisha ibofye mwenyewe kwa simu uangalie Realtime, ripoti ya walioingia sasa hivi. Ripoti nyingine huchelewa hata siku mbili. Mimi wingi wa kubofya haunibabaishi, naangalia waliofika ukurasa wa bei. Ila nani hasa kwenye grupu kabofya, hilo alama hazitakwambia.