Ukurasa uliokwenda dukani mara 1,281

Mfumo wangu wa kwanza mkubwa wa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, ulikuwa wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 640. Kwenye laptopu yangu nilikuwa nimeweka wanachama 12 wa majaribio, kila ukurasa ukafunguka papo hapo, nikaukabidhi mfumo nikiwa na amani moyoni. Wiki ya pili mweka hazina akanipigia: "Mwanangu, ule ukurasa wa wanachama nikiubonyeza nabandika chai, chai inachemka, wenyewe bado unazunguka tu." Aliyasema kwa upole, lakini ilikuwa siku ya mkutano na watu walikuwa wamejipanga mbele yake wakisubiri kusomewa salio.

Nikahisi seva ni ndogo. Nikawashauri walipie kubwa zaidi, wakalipa, na ukurasa ukabaki vilevile. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu fedha ya wanachama ilitoka kabla mimi sijafanya kazi yangu ya kutazama.

Nilipotazama hatimaye, nilitumia django-debug-toolbar, kile kibao cha pembeni kinachoonesha kila swali la SQL ambalo ukurasa umelituma kwenye hifadhidata. Maswali yalikuwa 1,281. Moja la kuwaleta wanachama, halafu kwa kila mwanachama swali la jina la tawi lake na swali jingine la michango yake. Kwenye laptopu yangu yalikuwa 25, na hifadhidata ilikaa humohumo ndani ya mashine. Kwa chama, hifadhidata ilikuwa kwenye mashine ya pili, kwa hiyo kila swali lilivuka mtandao kwenda na kurudi.

Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete sukari, arudi, umtume majani ya chai, arudi, umtume chumvi. Muuza duka hana kosa na mtoto anakimbia kweli. Aliyetuma ndiye hakupanga.

ORM, sehemu ya Django inayokuandikia SQL kutoka kwenye Python, inafanya kosa hili liwe rahisi kwa sababu inaficha umbali. Ukiandika mwanachama.tawi.jina, jicho linaona kitu kilichopo mkononi. Hakuna alama yoyote inayokuambia kwamba hiyo nukta ya kwanza ni safari. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa chochote, nahesabu maswali. Kama huna kile kibao, connection.queries inakupa orodha yote, ilimradi DEBUG, hali ya majaribio ya Django, iwe imewashwa.

Jina la tawi lilikuwa jepesi kutibu. Mwanachama ana tawi moja tu, hivyo select_related('tawi') inaunganisha majedwali mawili kwa JOIN na kila kitu kinakuja kwa safari moja. Kwa michango, ambayo ni mingi kwa kila mtu, kuna prefetch_related: swali la pili linaleta michango ya wote kwa pamoja, kisha Python inamgawia kila mwenye yake. Angalia hapa pamoja nami, maana nimewaona wengi wakijikwaa. Ukishatumia prefetch_related kisha ndani ya kitanzi ukaandika michango.filter(...), Django inarudi tena kwenye hifadhidata, mwanachama mmoja mmoja, kama vile hukuleta kitu. Michango.all() ndiyo inayosoma kilichokwisha kuletwa. Ukitaka kuchuja, chuja mapema ndani ya Prefetch.

Lakini mimi sikuhitaji michango yenyewe. Nilihitaji jumla. Kubeba maelfu ya mistari mpaka kwenye Python ili tu kuijumlisha ni kazi ambayo PostgreSQL, yaani hifadhidata yenyewe, inaifanya vizuri zaidi ikiwa kwake. Nikaandika annotate, inayomwongezea kila mwanachama thamani iliyokokotolewa, pamoja na Sum ya michango, ukurasa ukafunguka mara moja. Nikafurahi, nikaongeza na Sum ya mikopo kwenye annotate hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwanachama mmoja alikuwa amechangia shilingi 50,000 kwa miezi 36, yaani 1,800,000. Skrini ikasema 3,600,000. Mikopo yake miwili, ya 500,000 na 300,000, ikasomeka 28,800,000. Sababu ni kwamba JOIN mbili zinazidishana: michango 36 mara mikopo 2 ni mistari 72, hivyo kila mchango umehesabiwa mara mbili na kila mkopo mara 36. Nikajaribu distinct=True, nayo ikaniletea akiba ya 50,000, kwa kuwa inajumlisha thamani zisizofanana na michango yake yote ilikuwa sawa. Kwa Count dawa hiyo inafaa. Kwa Sum ya fedha usiiguse.

Kinachofaa ni Subquery, swali dogo ndani ya swali kubwa, iliyopo tangu Django 1.11 ya mwaka 2017. Kila jumla inahesabiwa peke yake:

akiba = (Mchango.objects
    .filter(mwanachama=OuterRef('pk'))
    .order_by()
    .values('mwanachama')
    .annotate(jumla=Sum('kiasi'))
    .values('jumla'))

Ya mikopo inaandikwa vivyo hivyo, zote mbili zinawekwa kwenye annotate kupitia Subquery, na Coalesce inampa sifuri asiyechangia bado. Nikagawa orodha kwa kurasa za watu 50. Maswali yakabaki 2: la kuhesabu wanachama na la kuwaleta.

Mengine ni madogo. Ukitaka kujua tu kama kitu kipo, tumia exists(). Ukitaka idadi na hutaisoma orodha yenyewe, count() na si len(). Uhusiano wa ForeignKey Django inauwekea faharasa (index) ya kuharakisha utafutaji yenyewe, lakini safu ya tarehe unayochujia kila siku itakubidi uiwekee wewe, kisha uthibitishe kwa explain(). Na bulk_create inaingiza michango ya mwezi mzima kwa haraka sana, ila haiiti save() wala haipigi post_save, ishara inayotolewa kitu kikishahifadhiwa. Mimi nilikuwa nimefunga SMS ya risiti kwenye post_save. Mwezi ule hakuna mwanachama aliyepata risiti, na simu zilizoita ofisini zilikuwa za haki.

Sasa kila ukurasa wenye orodha nauandikia jaribio la assertNumQueries, linalogoma idadi ya maswali ikibadilika, lenye wanachama 30, kwa sababu wanachama watatu hawaoneshi kitu. Juzi mwenzangu aliongeza jina la mdhamini kwenye orodha ile ile. Jaribio likagoma: lilitarajia maswali 2, limekuta 32. Akaongeza neno moja ndani ya select_related, akaendesha tena, likapita.