Maswali na majibu: mashine ya midundo kwa anayetengeneza muziki nyumbani

Nina kompyuta yenye programu ya muziki. Kuna haja ya kununua mashine ya midundo?

Kama nyimbo zinakamilika, bado usinunue. Sauti za mashine nyingi mashuhuri huenda umeshazipata humo ndani ya programu. Mimi kinachonivuta ni mikono: kitufe cha kiki, ile ngoma nzito ya chini, kiko palepale kila siku, na baada ya wiki chache vidole vinakifuata bila macho. Kama kipanya na skrini vinakukatisha wazo katikati, hapo mashine itakufaa.

Nichukue ya analogi au ya sampuli?

Ya analogi huzalisha sauti papo hapo kwa saketi zake za umeme. Ya sampuli hucheza sauti zilizorekodiwa. Mwaka 1980 zilitoka zote mbili: Linn LM-1, ya kwanza kutumia sampuli za drams halisi (ngoma za bendi), na Roland TR-808, analogi tupu. Wengi waliikataa 808 kwa sababu haikufanana na drams za kweli, na mwaka 1983 ikaacha kutengenezwa. Zile zilizokwisha kutumika zikauzwa kwa bei ya chini, zikawafikia vijana wa hip hop na muziki wa dansi wa elektroniki, nao wakaipenda ile kiki yenye mkia mrefu kwa jinsi ilivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi inafanana na drams, jiulize ipi unaweza kuisikiliza kwa muda wa saa tatu mfululizo bila kuichoka.

Ukitaka kutumia sauti zako mwenyewe, mlango unaobamizwa au kofi ulilorekodi kwa simu, chukua ya sampuli. Vyovyote vile, hakikisha kila pigo linaweza kupewa nguvu yake. Hilo nisingeliacha hata mashine iwe nzuri kiasi gani, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

Biti zangu zimekaa kama saa ya ukutani. Nikosee wapi nisikike kama mtu?

Usikosee popote, mpigaji mzuri hakosei, anachagua. Anza na nguvu ya mapigo. Haihati, yaani sahani mbili za drams, ikilia kwa nguvu ileile kwenye hatua zote 16, vile vipande sawa vya mdundo unaojirudia, sikio linaacha kuisikiliza. Punguza zile za katikati mpaka karibu zipotee, kisha usikilize tena kabla ya kugusa kingine.

Halafu ndiyo uje kwenye swingi, inayochelewesha kila hatua ya pili. Roger Linn, aliyebuni LM-1 na baadaye MPC60, mashine ya sampuli ya Akai ya mwaka 1988, aliipima kwa asilimia ya muda wa hatua mbili unaochukuliwa na ile ya kwanza: 50 ni sawasawa, na 66 hivi ni mwendo wa tatu-tatu. Kwenye tempo ya 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, hatua moja ni milisekunde 125. Ukiweka swingi 54, hatua ya pili inachelewa milisekunde 10 tu, lakini kiuno kinajua. Nenda polepole kati ya 52 na 58.

Na uimbe mdundo kwa mdomo kabla ya kuuandika. Mdomo unapumua, na pale unapopumua pana nafasi ya kuachwa wazi.

Mashine yangu ina hatua 16, nami nataka mwendo wa 6/8.

Fupisha pateni, yaani mdundo unaojirudia, iwe hatua 12. Kiki kwenye 1 na 7, snea (ngoma ya mlio mkali) kwenye 4 na 10, haihati zijaze. Angalia tempo: mashine bado inahesabu pigo kila hatua nne, wewe unahesabu kila hatua tatu. Ikiandika 90, wewe unasikia 120.

Mashine na kompyuta zinaanza pamoja, kisha zinaachana.

Huenda kila moja inafuata saa yake. Kwa MIDI, lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki, kiongozi hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na mfuasi huzihesabu. Chagua kompyuta iongoze, kisha kwenye mashine badilisha mpangilio wa saa kutoka ya ndani kwenda ya nje. Ikiwa haziachani tena ila ulichorekodi kinachelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, huo ni ucheleweshaji wa kurekodi: sogeza rekodi hiyo yote nyuma, kuelekea mwanzo, mpaka kiki ya kwanza ikae kwenye mstari.