Chapuo inalia nzito kwenye mashine ya prodyuza

Kaka, nimekuelewa: umerekodi ngoma za chapuo na vumi kwa simu huko Lamu, kwako zinalia sawa, lakini prodyuza wako wa Malindi akizifungua zinakuwa nzito na zinabaki nyuma ya biti.

Nzito na polepole kwa pamoja: hapo mimi ningeshuku kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, kabla ya kitu kingine. Simu nyingi hurekodi kwa 48,000 Hz, na projekti nyingi za muziki huwekwa 44,100. Programu nyingi hugeuza faili zenyewe. Ikishindikana, mwendo hupungua kama asilimia 8 na sauti hushuka karibu robo tatu ya toni. Mwambie aangalie namba ya faili, ya projekti na ya kadi ya sauti, zote tatu. Asiinue toni kwa mkono, maana chapuo itapoteza ule mlio wa ngozi, na huo ndio uhai wake.

Kama mwendo uko sawa ila uzito umepotea, na ulirekodi kwa maiki mbili, ageuze fezi ya moja, yaani apindue wimbi lake la sauti juu chini, asikilize. Azime pia limita ya masta, ile inayozuia sauti ya mwisho isizidi kiwango.

Na ngozi yenyewe je? Unyevu wa pwani huilegeza, ndiyo maana wapigaji huipasha moto kwanza. Ukirekodi siku mbili tofauti, usitegemee mlio mmoja.

Namba zikiwa sawa na bado kuna mikwaruzo, apeleke kadi kwa fundi wa sauti. Wewe tunza faili za asili za WAV, usitume zilizobanwa na WhatsApp.