Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Kuchora kwa Kunakili Kazi za Wengine

Swali. Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, ninaishi Tanga. Ninachora kwa kutazama vibonzo vya Kijapani na picha za watu mashuhuri kwenye simu, na wanaoziona nakala zangu husema hazina tofauti na picha zenyewe. Tatizo linakuja ninapotaka kumchora mama akiwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi: mkono unakwama na sijui hata pa kuanzia. Fundi mmoja anayechora mabango mtaani kwetu ameniambia niache kabisa kuiga, kwa kuwa kuiga kunaua kipaji. Je, ni kweli?

Jibu. Marahaba. Fundi wako ana wenzake wakubwa katika rai hiyo. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyesoma Makerere na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi katika miaka ya 1960, aliwaonya wasanii kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi, na onyo hilo likawa kama kitambulisho cha jumba lenyewe. Lilikuwa na uzito wake wakati ule, kwa sababu wasanii wa Afrika Mashariki walivutwa huku na mitindo ya Ulaya waliyofundishwa shuleni, na kule na watalii waliotaka kununua kitu kilekile kila siku. Hata hivyo, ukilishika onyo hilo neno kwa neno utalazimika kuwafuta wachoraji wengi ambao hakuna anayetilia shaka vipaji vyao.

Mtazame Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Alikuwa amefikia umri wa miaka 50 hivi, anafahamika Uholanzi nzima, alipokaa Amsterdam kunakili picha ndogondogo zilizochorwa na wasanii wa dola ya Wamughal nchini India. Zaidi ya nakala 20 kati ya hizo zimesalia hadi leo. Picha za asili zilipakwa rangi kwa brashi nyembamba mno, nguo zikijaa nakshi. Yeye alitumia wino wa kahawia, akaacha sehemu kubwa ya mapambo, akashika namna watu walivyosimama, kitambaa kilivyoanguka mwilini na uso ulivyogeuzwa upande. Ukiziangalia nakala hizo unaona wazi kwamba watu ni wa India na mkono ni wa Rembrandt. Mtu huyu hakuwa anatafuta kusifiwa kwamba amepatia, bali alikuwa na jambo analotaka kulijua, na akalichukua hilo peke yake.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lako, nalo si kunakili kwenyewe. Unapofuata picha kwenye simu, jicho linatoka kwenye kioo kwenda kwenye karatasi na kurudi, kipande kwa kipande, mpaka picha inajaa. Unajua kila mstari unapita wapi lakini hujui kwa nini umepita hapo. Pua katika kibonzo cha Kijapani huweza kuwa mstari mmoja mfupi kwa sababu mchoraji alikwisha kuamua nini kibaki na nini kiondoke, na wewe umepokea uamuzi huo ukiwa umekamilika. Mama anapokuna nazi hakuna aliyekuamulia. Mgongo umeinama, uzito wake umekaa juu ya ubao wa mbuzi, mabega yanacheza, kanga ina mikunjo mingi mno. Lazima mtu achague, na kuchagua ndiko ambako hujakufanyia mazoezi.

Kwa hiyo sikushauri uache kunakili, ila ubadili unachokinakili. Anza kwa kuuliza, kabla hujagusa penseli, mwanga unatoka wapi, uzito wa mwili umeegemea mguu gani, na ni sehemu gani mchoraji ameiacha tupu kwa makusudi. Kisha chora huku ukitazama, upesi, bila kujali urembo. Baada ya hapo ifunge picha na uichore tena kwa kumbukumbu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi huiruka, nami ninaiona kuwa muhimu kuliko zote. Huko Paris, katika karne ya 19, mwalimu Horace Lecoq de Boisbaudran aliifanya kuwa kiini cha mafunzo yake: wanafunzi waliitazama kazi kwa makini, hata zile zilizotundikwa katika jumba la Louvre, kisha wakaenda kuichora wakiwa mbali nayo. Mwanafunzi wake Alphonse Legros aliweza kuchora kwa kumbukumbu picha ya mwanazuoni Erasmus iliyochorwa na Holbein, mchoraji Mjerumani wa karne ya 16. Mchongaji Rodin naye alipita mikononi mwa mwalimu huyohuyo. Ukijaribu utagundua kwamba yale uliyoyaelewa yatarudi kwenye karatasi, na yale uliyoyafuatisha tu yatakuwa yamepotea. Basi rudi kwenye picha ukatazame sehemu hizo zilizopotea, si picha nzima.

Njia nyingine ni kubadili zana au rangi, ili usiweze kufuatisha hata ukitaka. Mwaka 1889, akiwa anatibiwa katika hospitali ya Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alianza kunakili kazi za Mfaransa Jean-François Millet zilizoonyesha wakulima wakivuna, wakifunga miganda na kupumzika mchana. Alichokuwa nacho mbele yake ni chapa zisizokuwa na rangi, hivyo kila rangi tunayoiona katika nakala zile aliichagua yeye. Alimwandikia ndugu yake Theo kwamba anafanya kama mwanamuziki anayepiga tungo za Beethoven kwa namna yake mwenyewe. Hapa kwetu George Lilanga, aliyetoka katika uchongaji wa Kimakonde, alizichukua sura za mashetani ambazo wachongaji walikuwa wakizitoa kwenye mpingo na kuzileta kwenye rangi, katika picha zilizojaa watu wanaocheza, kugombana na kufanya kazi. Wewe jaribu kuichukua picha ya rangi uichore kwa kalamu ya wino peke yake, au uchukue kinyago uchore umbo lake kwa makaa.

Kuhusu nani wa kumsoma, ninakubaliana na Cennino Cennini, Mwitaliano aliyeandika kitabu cha mafunzo ya uchoraji yapata mwaka 1400, kwamba anayeanza amfuate bwana mmoja kwa muda mrefu na asiruke leo kwa huyu, kesho kwa yule. Chagua mtu anayetumia mistari, kwa kuwa mstari hauwezi kuficha uamuzi wake. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam na lile la Metropolitan la New York huruhusu mtu yeyote kupakua bure, kupitia intaneti, picha za kazi zao nyingi za kale, na unaweza kuzikuza hadi ukaona mahali kalamu ilipokandamizwa na mahali ilipoinuliwa. Lakini kila baada ya nakala, nenda jikoni ukamchore mama. Ikiwa wiki hii umesoma namna Rembrandt anavyochora mgongo ulioinama, basi mchore mama mgongo tu, uache uso na uache nazi. Atakuwa anasogea, jambo ambalo picha ya kwenye simu haikukuzoesha, kwa hiyo chora mara nyingi vipande vidogo, usingoje akae kimya.

Swali. Ninachora picha za mtindo wa Tingatinga kwa kunakili za wengine na kuziuza kwa wageni hapa Zanzibar. Rafiki yangu anasema huo ni wizi. Je, amekosea?

Jibu. Tutenganishe mtindo na picha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake jijini Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, akichora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, za aina iliyopakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Vijana waliokaa naye, wengi wao ndugu na jamaa, walijifunza kwa kumtazama na kufanya kama yeye, na alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioendeleza kazi. Bila kuigana kusingekuwa na mtindo huo leo. Mtindo basi hauna mwenyewe, na kuchora chui mwenye madoa juu ya rangi iliyokolea si kosa.

Kuchukua picha fulani ya msanii fulani, ukairudia mpangilio wake wote na kuiuza kwa jina lako, ni jambo jingine. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, nayo, kama ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, humlinda msanii katika uhai wake wote na kwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Hata pale ambapo muda huo umekwisha, adabu ya kazi ni kuandika kwamba hii ni nakala na kumtaja aliyeibuni. Louvre, ambako wachoraji wamekuwa wakiruhusiwa kunakili tangu jumba hilo lilipofunguliwa mwaka 1793, nakala haipaswi kulingana ukubwa na kazi ya asili, wala sahihi ya mwenye kazi hairuhusiwi kurudiwa. Rafiki yako ana haki ikiwa unazirudia picha za wengine kama zilivyo na kukaa kimya. Ikiwa unachora za kwako kwa mtindo uleule, amekosea.

Swali. Je, kuweka karatasi nyembamba juu ya picha na kufuatisha mistari kuna faida yoyote?

Jibu. Ipo, lakini ni ndogo. Kufuatisha husaidia kuhamisha mchoro wako mwenyewe kwenye karatasi safi, au kujikagua: chora kwanza kwa jicho, kwa ukubwa uleule wa picha ya asili, kisha weka karatasi hiyo nyembamba juu ya picha na uone uwiano wako umepotokea wapi. Wengi hukuta wameyachora macho juu mno na kisogo kidogo mno. Kuchora miraba juu ya picha na kwenye karatasi, kisha kunakili mraba kwa mraba, kuna manufaa zaidi, mradi uiongeze ukubwa miraba hiyo kadiri unavyozoea, mpaka ubaki na mistari miwili tu inayokatana katikati.