Kirusi, virusi na wadudu wawili wa malaria

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kaandika "kirusi kimoja" kwenye insha, akakatwa alama. Kaambiwa Kirusi ni lugha ya Warusi, na virusi ni virusi tu, kiwe kimoja au mia. Nani kakosea? Halafu, "virusi vya VVU" ni sawa? Msomaji, Morogoro.*

Marahaba. Mtoto arudishiwe alama yake. Lugha ya Warusi huandikwa kwa herufi kubwa, na sijasikia mtu aliyelazwa kwa kuugua Kirusi. Neno asili yake ni Kilatini, lilikuwa na maana ya sumu, likatufikia kupitia Kiingereza likiwa na "vi" mbele. Mswahili akiona "vi" ya wingi hangoji kamati, anaichongea "ki" ya umoja. Kitabu cha Waarabu kilipata vitabu namna hiyo hiyo, na kipilefti cha barabarani kikazaa vipilefti. Kirusi kimoja, virusi viwili. Basi.

Sasa niruhusu nitoe la moyoni. Tangu korona ituzoeze neno hili, kila kisichoonekana kwa macho kimekuwa virusi. Nasoma kwamba mbu "hueneza virusi vya malaria". Namsikia mtangazaji, sauti imenyooka, matamshi hayana doa, akituonya dhidi ya "virusi vya kipindupindu". Hakuna vitu hivyo! Malaria inaletwa na vimelea, viumbe vya seli moja ambavyo Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona kwenye damu ya wagonjwa huko Algeria mwaka 1880. Mbu akishauma, vinakwenda kwanza kujificha kwenye ini, kisha vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaliana humo na kuzipasua. Zikipasuka kwa mkupuo ndipo unapotetemeka na meno kugongana. Kipindupindu nacho ni bakteria, aliyeelezwa na Koch, daktari wa Kijerumani, mwaka 1884 akiwa Kolkata, India. Huyu hana haja ya kuingia kwenye damu. Anakaa utumboni, anatoa sumu, na utumbo unamwaga maji na chumvi za mwili hadi macho yanadidimia. Kirusi ni kitu kingine kabisa. Hakina hata seli yake, kinaingia kwenye seli yako na kuilazimisha itengeneze virusi wenzake.

Utaniambia hayo ni ya madaktari, lugha inahusu nini? Nenda duka la dawa ukasikilize. Mtu ana mafua, anaomba "kitu cha kuua virusi", anauziwa vidonge rangi mbili vya antibiotiki. Dawa hizo hushambulia bakteria, nyingine kwa kuwaharibia ukuta wa seli. Kirusi cha mafua hakina ukuta huo. Mteja kalipa, kameza, na mafua yanaendelea na ratiba yake. Aliyemfundisha kuita kila kitu virusi ana mkono wake hapo.

Wasomi wengi wangetaka nimchape pia yule anayetoka maabara na kutangaza: "Nimekutwa na wadudu wawili." Hesabu yake inachekesha, nakubali. Mtu mzima ana lita kama tano za damu, na mtaalamu amechukua tone moja kutoka kwenye ncha ya kidole. Kama mwili mzima ungekuwa na wadudu wawili tu, wangekuwa na adabu ya pekee kukubaliana kusubiri kidoleni siku ya kipimo! Aliye kitandani kwa homa ya malaria anabeba vimelea kwa mamilioni. Anachohesabu mtu wa maabara ni vile vinavyopita mbele ya hadubini, au anaandika alama za kujumlisha kuonyesha wingi wao. Mgonjwa akaziona mbili, akaondoka na wadudu wawili. Jirani yake ana watatu, anajiona anaumwa zaidi, na mara nyingine ni kweli.

Lakini huyo namwacha apite. Lugha sanifu yenyewe inasema "vijidudu", yaani wadudu waliopunguzwa ukubwa mara mbili, na hakuna anayelia. Wa mtaani kakosa unyenyekevu wa kuwapunguza tu. Isitoshe, kashika jambo la msingi: kuna kiumbe hai ndani yake kinachokula kwake na kuzaana. "Kimelea" nacho, kutoka kumea, kinasema hivyo hivyo kwa ustaarabu zaidi. Usipojua ni bakteria, kirusi au fangasi, sema vijidudu, hutakuwa umemdanganya mtu.

Kuhusu "virusi vya VVU": V ya kwanza ndiyo virusi, ya pili ni vya, U ni UKIMWI. Ukitamka hivyo umesema "virusi vya virusi vya UKIMWI". Sema VVU, inatosha.