Mamako apandikizwe jino au avae la bandia?

Dada, umeuliza kama mamako aliyeng'olewa magego mawili apandikizwe au avae meno ya bandia ya kuvua. Mimi ningeanza na sukari yake: ikiwa haijatulia, kidonda huchelewa kupona na skrubu inayoshikilia jino la kupandikizwa yaweza kulegea. Hiyo skrubu ni ya metali iitwayo titani, huzamishwa ndani ya mfupa wa taya, kisha mara nyingi husubiriwa miezi 3 hadi 6 mfupa uishike ndipo jino livishwe juu. Kwa hivyo ukimpeleka Mombasa, hesabu nauli za safari kadhaa (na basi la kutoka Mokowe, huko bara ya Lamu, mwalijua wenyewe). Tumbaku kwenye tambuu, yale majani ya kutafuna, aiwache. Gharama zikiwa nzito, meno ya kuvua si aibu, bibi yangu alikuwa akitafunia pweza.