Mabinti wa jamii za wafugaji mnaotafuta mtaji, someni hii kabla hamjaenda kukopa

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wa Longido, Simanjiro, Ngorongoro na kote kwa wafugaji, hasa nyie mnaonipigia simu kila wiki "dada mtaji mlipata wapi". Jamani mtaji hatukuanza nao. Mwaka 2017 tulianza akina mama 12 na boksi la bati lenye kufuli tatu, funguo wanakaa nazo wamama watatu tofauti wa maboma tofauti, na kila tukikutana mtu ananunua hisa ya elfu mbili anagongewa muhuri kwenye kitabu chake basi. Mwenye hisa moja sawa, mwenye tano sawa, ila kukosa hapana.

Hiyo elfu mbili ilitoka kwenye maziwa. Mnajua wenyewe kwetu ng'ombe ni wa mzee lakini maziwa ni ya mama, na shanga ni za mama, kwahiyo biashara ya mwanamke inaanzia hapo, usianze kutafuta biashara umeiona Arusha mjini wakati una kitu mkononi ambacho hamna mtu wa kukunyang'anya.

Sasa benki. Utaenda watakuuliza hati, wewe boma lako halina hati, ardhi ni ya kijiji, ng'ombe hata wangekuwa mia hawajaandikwa jina lako. Ipo hatimiliki ya kimila, inatolewa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mwanamke ana haki ya kuiomba sawasawa na mwanaume, kaulize kwa mtendaji wa kijiji usiogope. Ila ni safari ndefu na kuna benki bado zinasita kuipokea, usikae kuisubiri.

Kilichotutoa sisi ni ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba kabisa, mnarudisha kile kile mlichochukua. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, huyo ndo anawasaidia kusajili kikundi, anawaambia katiba iandikweje, anawapeleka kwenye hatua zinazofuata. Sisi mara ya kwanza karatasi zilirudi. Akaunti ya benki ilikuwa na jina la mwenyekiti badala ya kikundi, na mihutasari ya vikao hatukuwa nayo hata mmoja maana vikao tulikuwa tunaongea tu Kimaa chini ya mti tunamaliza. Wengi wetu hatujasoma. Tukamchukua binti wa mmoja wetu kamaliza fomu foo tukamfanya katibu, anaandika kila kitu kwa Kiswahili alafu kabla ya kusaini anawasomea yeyo, yaani akina mama, wote kwa Kimaa neno kwa neno, ndo wanaweka dole gumba. Hilo la kusomewa msiliache hata kama mnaaminiana vipi, maana mkopo ni wa kikundi, mmoja akikwama deni ni la wote, na mama ambaye hakuelewa alichosaini ndo wa kwanza kukasirika siku ya marejesho.

2019 tukapata milioni tano. Nusu tukanunua shanga za Czech kwa jumla Arusha, nusu madumu na vyombo vya kukusanya maziwa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri maana hili hakuna semina waliyotufundisha. Marejesho ni kila mwezi lakini hela ya mfugaji haiji kila mwezi, inakuja na majira. Masika, mwezi wa nne wa tano, maziwa yapo mpaka unagawa, lakini watalii hamna, shanga zinakaa. Ikifika mwezi wa saba mpaka wa tisa watalii wanajaa, ila ng'ombe wameshahama na vijana kutafuta malisho na maziwa nyumbani ni ya watoto tu. Kwahiyo kile kipindi shanga zinakufa maziwa yanalipa, maziwa yakikata shanga zinalipa. Kama tungeweka milioni tano zote kwenye shanga tungekwisha 2020 corona ilipokuja, wageni walikata ghafla mzigo wote umekaa ndani, ni maziwa ndo yalilipa deni. Alafu mwisho wa 2021 ukame, ng'ombe wakafa wengi sana huku kwetu, sitaki hata kukumbuka, na hapo watalii walikuwa wameanza kurudi, shanga zikatushika mkono. Kabla ya kujaza fomu yoyote chukueni daftari muandike miezi 12, kila mwezi hela inatoka wapi. Mwezi mkiuona mtupu, jueni kabisa marejesho ya mwezi huo mnaanza kuyaweka pembeni miezi mitatu kabla.

Aprili 2023 serikali ikasimamisha hiyo mikopo ya halmashauri ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka 2024. Sisi tulikuwa tumeomba awamu ya pili, tukarudi kwenye boksi letu tukakopeshana humo humo. Mwenzetu mmoja hakuweza kusubiri, akachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, laki mbili, marejesho kila wiki, wiki mbili tu akakosa wakaja kubeba mbuzi wake na mabati. Tulimchangia lakini mbuzi hawakurudi. Nawaomba sana, mtu akikupa hela ndani ya dakika kumi bila kuuliza unafanya kazi gani, kimbia.

Mengine haraka haraka. Mkitaka kuuza mtindi uliofungashwa nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa, wanafundisha na wanawapa barua ya kwenda TBS, shirika la viwango. Na kuna asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, mnajisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, afisa maendeleo anajua.

Alafu laini ya simu. Wengi wetu laini zilikuwa zimesajiliwa kwa majina ya waume, hela ya shanga ikiingia ujumbe anausoma yeye kwanza. Tulikubaliana kila mama apate kitambulisho chake cha NIDA na laini yake kabla ya kupokea hata shilingi ya kikundi, wazee wengine walinuna, mwenyekiti wetu, koko (bibi) wa miaka sitini na kitu, akaenda boma kwa boma kuongea nao mwenyewe. Ilichukua miezi minne. Mkifika hatua hiyo tafuteni koko wa hivyo, binti wa miaka ishirini hatasikilizwa.